Kusoma Historia Chuo Kikuu: Funzo la Likizo ya Mwaka 1968

Kila mwaka wa masomo unapoanza, hunijia ofisini wanafunzi wa mwaka wa kwanza wenye swali lile lile. Mmoja huliuliza kwa unyenyekevu, mwingine kwa hasira kidogo. "Mwalimu, hivi shahada ya historia inanipeleka wapi?" Wengi wao hawakuichagua. Waliomba sheria au uhasibu, nafasi zikajaa, mfumo ukawaangushia historia. Nyumbani mjomba ameshawauliza watakuwa nani wakimaliza, na jibu la kumpa hawana.

Sisi walimu tuna jibu letu la siku zote. Tunasema kwamba asiyejua alikotoka hajui aendako, kisha tunaendelea na mhadhara. Msemo huo hauna ubaya, ila haujibu kilichoulizwa. Kujua alikotoka mtu anaweza kukupata kwa bibi yake, redioni, au katika hotuba za sikukuu za kitaifa. Anachouliza mwanafunzi ni kwa nini akae miaka mitatu chuo kikuu, kwa mkopo atakaoulipa akiwa mtu mzima, ili apate kitu ambacho bibi angempa bure.

Katika makala haya nataka kujaribu kumjibu kwa njia nyingine. Nitamsimulia jambo walilolifanya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Dar es Salaam mwaka 1968, wakiwa na umri kama wake. Naamini ndani yake mna jibu lenye nguvu kuliko methali yetu, na mna lawama pia kwa sisi tunaofundisha leo.

Idara changa katika nchi changa

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na wanafunzi wa sheria tu, nao hawakufika 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima tunachokiita Mlimani. Idara ya Historia iliongozwa kwanza na Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Baadaye walijiunga Watanzania wa kwanza waliofuzu shahada za juu za fani hiyo, wakiwamo Isaria Kimambo na Arnold Temu.

Tukumbuke hali ya fani yenyewe wakati ule. Mwaka huo huo wa 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alitamka hadharani kwamba historia ya Afrika haikuwapo bado. Kulikuwa na historia ya Wazungu barani Afrika tu, na yaliyobaki yalikuwa giza. Hakuwa mtu wa pembeni. Alishika mojawapo ya viti vikubwa vya historia katika Uingereza. Hoja yake ilitegemea dhana moja, kwamba pasipo na maandishi hapana historia.

Dar es Salaam iliikataa dhana hiyo kwa vitendo. Kimambo alikwenda Upare kukusanya masimulizi ya koo na watawala, akayalinganisha, akaonyesha kwamba yanaweza kupangwa na kupimwa kama hati nyingine yoyote. Kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969. Mwaka huo huo yeye na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi baada yao. Kabla ya hapo, Oktoba 1965, wanahistoria wa Afrika kutoka nchi mbalimbali walikuwa wamekutana Dar es Salaam kujadili njia za fani yao mpya.

Ilikuwa pia idara iliyoishi katikati ya misukosuko. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300 na kuwarudisha makwao. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Machi 1967 chuo kikaitisha mkutano kujiuliza kazi yake ni ipi katika nchi inayotaka kujenga ujamaa. Walter Rodney, kijana wa Guyana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza udaktari wake London, alifundisha hapa mwaka 1966 na 1967, akarudi mwaka 1969 na kubaki hadi 1974. Kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, kiliandikwa akiwa mwalimu wa wanafunzi hao.

Majina haya makubwa ndiyo tunayoyasimulia tunapoisifu Mlimani ya zamani. Wanafunzi wenyewe tunawasahau.

Likizo ya 1968

Mwaka 1968 Idara ya Historia iliendesha mradi wa utafiti kuhusu vita vya Maji Maji. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwamo John Iliffe na Gilbert Gwassa, Mtanzania aliyekuwa akiandaa tasnifu yake juu ya vita hivyo. Wakusanyaji walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Walikwenda kusini na mashariki mwa nchi, baadhi yao katika wilaya walikozaliwa, wakakaa na wazee na kuwauliza walichokiona na walichosimuliwa. Walirudi na maandishi ya mahojiano, wakaandika ripoti, na ripoti hizo zikapigwa chapa, zikadurufiwa na kuwekwa pamoja.

Hebu tupige hesabu. Vita vilianza Julai 1905. Aliyekuwa na miaka 20 wakati watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, walipong'oa pamba ya serikali, mwaka 1968 alikuwa na miaka 83. Aliyekuwa mtoto wa miaka 12 alikuwa na 75. Kama mradi ule ungecheleweshwa miaka 15, wanafunzi wangekuta makaburi. Mlango ulikuwa unafungwa, na waliopita kabla haujafungwa walikuwa vijana wasio na shahada hata moja.

Kabla yao tulikuwa na nini? Tulikuwa na mafaili ya utawala wa Kijerumani, taarifa za wamisionari, na kitabu cha Gavana Gustav Adolf von Götzen mwenyewe, kilichotoka Berlin mwaka 1909. Tulikuwa pia na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, hazina ambayo wanahistoria hawakuitendea haki inayostahili. Götzen alikuwa gavana tangu 1901 hadi 1906. Ndiye aliyesimamia mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ambapo watu walitolewa kwa zamu kulima chini ya majumbe na maakida kwa malipo duni. Alipoandika, lawama nyingi aliziweka juu ya waganga na ushirikina. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anapaswa kuuliza: mtu huyu anaandika akiwa nani, na anajitetea mbele ya nani? Gavana ambaye koloni lake limewaka moto hana sababu ya kukiri kwamba sera yake ndiyo iliyowasha kiberiti.

Wazee waliohojiwa miaka ile walilieleza jambo hilo kwa upande wao. Walisimulia shamba la jumbe, viboko, kodi, na adha ya kuacha shamba lako wakati wa palizi ili ukapalilie la serikali. Walimweleza Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na jinsi watu walivyomiminika kwake kuchukua maji kabla Wajerumani hawajamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Walieleza pia njaa iliyofuata, baada ya majeshi ya serikali kuchoma vijiji na maghala. Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja waliokufa kuwa 75,000. Gwassa, baada ya utafiti wake, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi.

Tofauti kati ya makadirio hayo inatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba historia haikusanywi kama maembe yaliyoanguka chini. Jibu hutegemea nani ameulizwa, na nani aliyekwenda kuuliza.

Jambo moja zaidi kuhusu wakati ule. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, naye akiwa zao la chuo hicho hicho, alitoa tamthiliya yake ya Kinjeketile. Hakudai kuandika historia, na mhusika wake si nakala ya yule wa Ngarambe. Lakini nchi iliyopata katika muda wa miaka miwili ripoti za wanafunzi na tamthiliya ya aina hiyo juu ya tukio moja ilikuwa nchi ambayo vijana wake walikuwa wanabishana na wakati wao uliopita.

Makosa yao, na kwa nini yana thamani

Nisingependa msomaji adhani ninamsimulia zama za dhahabu. Mradi ule ulikuwa na kasoro, na kasoro zenyewe ni sehemu ya funzo.

Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka saba tu kabla yake. TANU ilihitaji mababu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipozungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa Desemba 1956, aliitaja Maji Maji kama sehemu ya safari ya watu wake kudai uhuru. Ranger aliandika mwaka 1968 makala mashuhuri akijenga daraja kati ya upinzani wa awali dhidi ya wakoloni na vyama vya utaifa vya baadaye. Katika mazingira hayo ilikuwa rahisi kuiona Maji Maji kama TANU iliyozaliwa kabla ya wakati: makabila mengi yaliyoungana, adui mmoja, lengo moja.

Hoja hiyo haikukaa muda mrefu bila kupingwa. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper, waliokuwa Makerere, walichapisha makala wakiwatuhumu wanahistoria wa Dar es Salaam kwamba wanaitafutia taifa historia badala ya kuuliza kama taifa lenyewe lilikuwapo. Ranger akawajibu. Kutoka upande wa kushoto, Temu na Bonaventure Swai walitoa mwaka 1981 kitabu cha kuikosoa historia hiyo ya Kiafrika, wakidai kwamba ilisahau matabaka na unyonyaji. Temu alikuwa anaukosoa mkondo ambao yeye mwenyewe alishiriki kuuanzisha. Mtu anayeweza kufanya hivyo bila kuona haya ameielewa fani yake.

Baadaye walikuja watafiti wengine. Thaddeus Sunseri alionyesha mwaka 1997 kwamba katika Uzaramo hatuwezi kuelewa vita bila njaa, bila nguruwe mwitu walioharibu mashamba wanaume walipokuwa kwenye kazi za wakoloni, na bila wanawake waliobaki wakibeba mzigo wa chakula. Jamie Monson, mwaka 1998, alionyesha kwamba katika nyanda za juu za kusini watu waliingia vitani au walikaa kando kwa kufuata urafiki na uadui wa tangu kabla ya Wajerumani. Mwaka 2010 yeye na James Giblin walihariri kitabu kizima cha kuipitia upya vita hiyo. Ile picha ya umoja wa kitaifa ikavunjika vipande, na kila kipande kikawa na watu ndani yake.

Sasa tuone kinachonifanya nisimulie haya yote. Watafiti waliokuja kuikosoa tafsiri ya miaka ya 1960 walirudi kusoma zile ripoti za wanafunzi wa 1968. Walizitaja katika kazi zao miaka 30 na 40 baadaye. Tafsiri ilikuwa imezeeka, lakini maneno ya wazee yalikuwa yamebaki, kwa sababu kijana fulani aliyaandika bila kuyalainisha sana na akaweka jina la kijiji na la msemaji. Wazee wengi waliohojiwa walikuwa wanaume, na tunalijua pengo hilo kwa sababu waliacha kumbukumbu ya nani waliyemhoji. Kazi iliyoandikwa kwa uaminifu inaweza kusahihishwa. Iliyoandikwa kwa kuwapendeza wakubwa haisahihishiki, hutupwa.

Mzee alipofariki, simulizi lake lilibaki kwenye karatasi la mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Ndiyo maana simwambii yule kijana wa ofisini kwamba atakuwa mwanahistoria siku moja, akishapata udaktari. Waliotangulia walikuwa wanahistoria wakiwa na umri wake.

Darasa la leo

Tukitoka 1968 tukaingia katika ukumbi wa mihadhara wa leo, tunakuta nini? Wanafunzi ni wengi kuliko viti, kipaza sauti ambacho siku nyingine hakifanyi kazi, na mwalimu anayesoma slaidi. Mwanafunzi anajua kwamba maswali ya mtihani hayabadiliki sana. Anatafuta "desa" la kaka yake aliyetangulia, analikariri, analimwaga, anafaulu. Nami nikiri: nimewahi kutunga mitihani ya aina hiyo. Ukiwa na karatasi mia kadhaa za kusahihisha kabla ya muhula kwisha, swali la kutaja sababu sita za Maji Maji ni kimbilio. Kila hoja alama zake, na usiku unaweza kulala.

Sababu sita za Maji Maji! Kodi, kazi za kulazimishwa, pamba, ukatili wa maakida, kuporwa madaraka kwa viongozi wa jadi, dharau kwa mila. Kila kijana aliyepita sekondari anazijua. Anazijua jinsi anavyoijua jedwali la kuzidisha, bila kujua kwamba kila moja iliwahi kuwa ubishi, kwamba gavana aliikana mojawapo, na kwamba mzee fulani alimfungulia mwanafunzi fulani moyo wake ili tuijue. Tumeyachukua matokeo ya utafiti tukayageuza kuwa orodha, kisha tunashangaa kwa nini vijana wanaona somo halina uhai.

Nitaambiwa kwamba wakati ule wanafunzi walikuwa wachache na serikali iliwalipia kila kitu. Ni kweli, na sitaki kulipuuza jambo hilo. Huwezi kuongeza wanafunzi mara nyingi bila kuongeza walimu, vitabu na nauli za kwenda uwandani, kisha ukategemea elimu ile ile. Wanaopanga bajeti za elimu ya juu wanapaswa kulisikia hilo kila mwaka hadi walichoke. Hata hivyo, uhaba wa fedha hautulazimishi kutunga maswali ya kukariri. Kumpa mwanafunzi hati mbili zinazopingana kuhusu tukio moja na kumwambia apime hakuhitaji nauli. Kinachohitajika ni sisi kukubali kusoma majibu yasiyofanana.

Na hapa ndipo swali la ajira linapopata jibu lake la kweli, japo si jibu tamu. Shahada ya historia haimhakikishii mtu kazi. Anayeahidi vinginevyo anadanganya. Lakini chukua mfano wa ofisa katika halmashauri anayeletewa mgogoro wa ardhi kati ya vijiji viwili. Kila upande una wazee wake, ramani yake na kiapo chake. Kama ofisa huyo hajui kwamba Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha mamilioni ya watu, kwamba wengine walipewa mashamba ya wenzao, na kwamba wenye mashamba hawakusahau, ataamua kwa ramani peke yake na kuondoka akiacha moto chini ya majivu. Mwaka 1994, katika shauri la Akonaay, Mahakama ya Rufani ilipotamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, ilikuwa inashughulika na mabaki ya operesheni hiyo. Miaka 20 ilikuwa imepita, na historia ilikuwa bado inadai.

Aliyefundishwa kuuliza nani ameandika barua hii, lini, kwa faida ya nani, na nini kimeachwa nje, ana ujuzi ambao utumishi wa umma unauhitaji kila siku. Aliyefundishwa sababu sita hana.

Lugha ya mzee na lugha ya mtihani

Kuna kitendawili kingine. Wazee wa 1968 walizungumza Kiswahili, Kimatumbi, Kingoni na lugha nyingine za makwao. Ripoti na vitabu vikaandikwa kwa Kiingereza. Hadi leo mwanafunzi wetu wa historia anasoma, anajadili na kufanya mtihani kwa Kiingereza. Akimhoji bibi yake kwa ajili ya insha ya mwaka wa tatu, anayatafsiri maneno ya bibi, na katika kutafsiri mengi hupotea. Kazi ikikamilika, bibi hawezi kuisoma, wala kijiji chake.

Kisha kijana huyo anahitimu, anakuwa mwalimu, na anakabidhiwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili chini ya mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024. Yale aliyoyasoma kwa Kiingereza anatakiwa kuyafikiri upya kwa Kiswahili, akiwa peke yake, bila istilahi alizozoea na akiwa na vitabu vichache. Tukimlaumu akisomea wanafunzi kitabu neno kwa neno, tutakuwa tumesahau nani aliyemwandaa.

Nalifurahia somo hilo kuwapo. Kwa miaka mingi watoto wetu waliweza kumaliza shule wakijua Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza kuliko wanavyoijua Nandete. Wasiwasi wangu uko kwenye neno la pili katika jina lake. Maadili ni mema, lakini historia ikifundishwa kwa ajili ya maadili peke yake, itachagua mashujaa na kuwaacha waliokosea, waliokaa kimya na walioshirikiana na mtawala. Mtoto hujifunza maadili zaidi akionyeshwa jinsi watu wa kweli walivyoamua katika hali ngumu, wakiwamo wale ambao leo tungependa kuwaficha. Kinachoweza kumpa mwalimu ujasiri wa kufundisha hivyo ni shahada ya kwanza iliyomzoesha kusoma ushahidi.

Mlango unaofungwa sasa

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, akaonana na ukoo wa Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni walionyongwa mwaka 1906, na akaomba msamaha kwa yale nchi yake iliyotenda. Alipofika pale hakukuta watu waliokuwa wanaanza kukumbuka. Ukoo ulikuwa umelitunza jambo hilo zaidi ya miaka 100, na ulikuwa unaulizia fuvu la babu yao. Madai ya namna hiyo husimama juu ya kumbukumbu za familia na juu ya kazi ya watu waliozikusanya na kuzilinganisha na mafaili. Kumbukumbu ikikosekana, hata msamaha hauna wa kuombwa.

Ndiyo maana narudi kwenye hesabu yangu ya mwanzo. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya Uhuru, mwaka 1961, sasa amevuka 80. Waliojenga reli ya TAZARA wakiwa vijana katika miaka ya 1970 ni wazee. Waliohamishwa kwa malori kwenda vijiji vya ujamaa, na waliowahamisha, wako pamoja kwenye vibaraza vya misikiti na makanisa yetu. Waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, waliopanga foleni za sukari na sabuni, waliokamatwa katika msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983 na waliowakamata, wote wanatuaga mmoja mmoja. Sisi tuko leo mahali walipokuwa wenzetu mwaka 1968, mbele ya mlango unaofungwa. Tofauti ni kwamba tuna simu zinazorekodi sauti mifukoni mwetu, na hatuna mradi.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi aliyekuja ofisini kwangu, jibu langu ni kazi ya kufanya. Likizo ijayo, mtafute mzee mmoja. Mwamkie, mweleze unachotaka, na umwombe ridhaa yake kabla hujafungua kinasa sauti. Mhoji kwa lugha anayoiota. Mtafute na mwanamke, kwa sababu wenzako wa 1968 hawakumtafuta vya kutosha. Andika jina lake kama anaruhusu, kijiji, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema, hata yale usiyokubaliana nayo. Usimsahihishe. Kisha nenda kwenye Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au katika ofisi zake za kanda, utafute faili la wilaya yake kwa miaka hiyo. Yaweke mawili hayo mezani. Yatapingana. Hapo yanapopingana ndipo kazi yako inapoanzia.

Kwa walimu wenzangu, naomba muhula ujao kila mmoja wetu afute swali moja la "taja sababu" na kuweka hati mbili mahali pake. Mimi nitaanza na la Maji Maji.

Na kwa wale wanaoshika funguo za vyuo na wizara: gharama ya kuwapeleka vijana 100 vijijini kwa majuma matatu, wakiwa na daftari, na kuzihifadhi vizuri kazi zao, haifiki mbali ukiilinganisha na warsha za mwaka mmoja. Miaka 40 ijayo atatokea mtafiti, pengine akiwa na nia ya kutukosoa sote, atakayetaka kujua wazee wetu walisema nini. Ni sisi tutakaoamua kama atakuta ripoti za kusoma, au atakuta slaidi zetu.